Ndoyi wa Kaburi Tupu

Mwanangu,

Jana jioni ulitoka jikoni mbio, mikono imejaa unga wa muhogo, ukaja mpaka kwenye njia inayoshuka mtoni ukaniuliza, "Papa, umeniita?" Nikasema hapana. Nikakuambia urudi kwa mama yako, chakula kitaungua. Ulisimama kidogo ukinitazama kama unavyotazama kibao kilichoandikwa vibaya, kisha ukarudi jikoni. Nilikudanganya. Au tuseme nilikudanganya nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayonikalisha hapa.

Kesho asubuhi unaondoka kwenda Uturuki. Ya sweta, ya pasipoti, ya kutokula chakula cha mtu usiyemjua, mama yako ameyasema, ameyarudia, na njiani kwenda uwanja wa ndege wa Bangoka atayasema tena mpaka dereva ayajue kwa moyo. Mimi nayapita. Nimekaa kwenye karakana yangu, mlango nimeuegesha, kibao cha mwenye saluni nimekiweka kando, naye anaweza kungoja. Unajua mimi si mtu wa kalamu. Mimi ni mtu wa brashi. Herufi zangu zinatakiwa zisomwe na mtu aliye juu ya pikipiki inayokimbia, kwa hiyo nivumilie nikiandika makubwa na nikienda mbio panapotakiwa polepole.

Wiki mbili zilizopita ulileta valise yako mpya, lile sanduku jeusi la safari, ukaisimamisha karibu na meza yangu. Kila msafiri wa mtaa huu huniletea mzigo wake niuandike jina. Nimewaandikia wanafunzi, mapadri, wafanyabiashara wa Isangi, hata yule kijana aliyekwenda Kinshasa kutafuta maisha akarudi baada ya siku nne. Nawe ukaomba kama wengine. Nikakuambia rangi nyeupe imekwisha. Ukatazama kopo la rangi nyeupe lililokuwa karibu na mguu wangu, limejaa, kifuniko wazi. Ndipo ukasema yale uliyoyasema.

"Papa, tangu munizale haujaniita jina yangu hata siku moja. Hata kuandika. Donc mimi niko nani kwako?"

Valise imebaki hapa hapa, nayo inanitazama ninapoandika.

Uliyosema ni kweli, kwa kadiri unavyoweza kukumbuka. Nimekuita mama, petite, chérie, wewe pale, mtoto wa mama yako. Daftari zako za shule aliziandika mama yako kwa mwandiko wake wa kuparura, nami mwenye kazi ya herufi nimekaa pembeni nasafisha brashi. Majirani walisema mganga hajigangi, wakacheka, nami nikacheka nao. Wewe ulidhani nilitaka mtoto wa kiume. Najua, kwa sababu ulimwambia mama yako, na mama yako siri haimkai tumboni. Haikuwa hivyo. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Acha nikueleze niliogopa nini.

Unalijua daftari langu la ndoyi. Kwetu watu wawili wenye jina moja huitana ndoyi, na mtu akikutana na ndoyi wake sokoni humchekea kama amepata ndugu, hata kama mmoja katoka Yanonge na mwingine Kindu. Mimi nimekuwa nikikusanya ndoyi wa maneno. Kazi ya vibao inakuletea maneno ya kila namna, kwenye makatoni ya biskuti, magunia ya mchele, ndoo za rangi zilizotoka mbali. Kwenye kichupa cha rangi ya kucha kutoka Indonesia nilikuta neno kuku, nikajiuliza kuku ameingiaje humo. Kumbe kwao kuku ni ukucha. Nikaliandika. Nimekuwa na mchezo huo tangu kabla hujazaliwa, na mama yako anauita ugonjwa.

Ulipoanza masomo ya Kituruki kwenye simu, ukikaa hapo mbele ya meza, wewe ukirudia na mimi nikipaka, daftari likanenepa. Nane yao ni jani linalotiwa kwenye chai. Kule yao ni mnara. Kale yao ni ngome. Bana, ambayo kwa Kilingala ni watoto na kwa Kiswahili ni kukaza kitu kisitoke, kwao ni kusema "kwangu mimi". Na kila ulipotaka kujua jinsi ya kuomba radhi kwa kukosea, simu ilikupa neno hata, kwa maana hata yao ni kosa. Ulicheka ukasema watu hawa wameiba maneno yetu wakayajaza vitu vyao.

Nikajifanya mwalimu. Nikakuambia hawakuiba kitu. Kitabu chetu na kitap yao, saa yetu na saat yao, dunia yetu na dünya yao, hao ndio ndugu, wote wametoka kwa Waarabu, na tazama, sura zao hazifanani sawasawa. Wanaofanana herufi kwa herufi ndio wageni kabisa. Kila mmoja ametoka kwao, kwa wazazi wake, kwa njia yake, wamekutana tu kwenye herufi. Nane yao haijawahi kuiona nane yetu. Nane yao haijui kuhesabu.

Nilisema hivyo nimeshika brashi, halafu brashi ikabaki hewani mpaka ukaniuliza kama naumwa. Nilikuwa nimejisikia mwenyewe. Miaka ishirini nimelijua jambo hilo kuhusu maneno, na sikuwahi kulijua kuhusu wewe.

Kwa sababu wewe una ndoyi. Umeambiwa kwamba mdogo wangu, ambaye jina lake ni lako, alichukuliwa na mto kabla hujazaliwa. Hujaambiwa kwa nini siku ile alikuwa mtoni.

Nilikuwa nimepata kazi Yangambi, kwenye kituo cha utafiti, kuandika upya majina kwenye milango ya ofisi. Kazi ya wiki moja. Siku ya kuondoka kulikuwa na baa inafunguliwa hapa mtaani, na kibao chake nilikiandika mimi, kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuandika, nikataka niwepo watu watakapokisifu. Hakukuwa na sababu nyingine. Si homa, kama nilivyomwambia mama yako. Si mgongo, kama nilivyomwambia koko yako, mama yangu mzazi. Nilitaka kusifiwa. Mdogo wangu alizijua herufi, na mkono wake wa kushoto ulikuwa thabiti kuliko wangu wa kulia, kwa hiyo nikampa makopo yangu na brashi zangu apande baleinière, ile mashua ndefu ya abiria, badala yangu. Nilikuwa juu ya ngazi namalizia herufi ya mwisho alipopita kuniaga. Akasema, "Yaya, nitarudi mbele rangi ikauke." Ndivyo alivyoniita mimi kaka yake, na kurudi kabla rangi haijakauka ulikuwa utani wetu wa siku zote. Sikushuka hata kwenye ngazi. Nilimpungia brashi.

Walipoipita Yanonge, chombo kiligonga gogo lililojificha majini. Watu wote walifika kwenye kisiwa cha mchanga, na mbuzi pia. Yeye hapana. Walimtafuta siku tisa. Kilichorudi ni brashi moja, ambayo mama mmoja mvuvi aliiona inaelea, akaijua ni ya fundi, akaniletea imefungwa kwenye jani la mgomba kama samaki. Ni ile iliyotundikwa kwenye msumari juu ya dirisha, niliyokukataza kuigusa.

Sisi watu wa mto tuna namna yetu, au tuseme koko yako alikuwa nayo, naye aliipata kwa mama yake. Mtu aliyechukuliwa na maji asipoonekana, hazikwi, na jina lake haliguswi. Halipewi mtoto, haliandikwi msalabani. Jina linaachwa wazi kama mlango, mpaka mwili uonekane au mama mzazi mwenyewe aseme basi. Koko yako hakusema basi. Kila jioni alimwekea sahani, lituma ya ndizi zilizopondwa na kipande cha samaki, akaifunika kitambaa. Asubuhi aliwapa bata.

Miezi saba niliivumilia sahani ile. Mwezi wa nane nikashindwa. Nikamwomba seremala msalaba, nikauandika jina lake kwa rangi nyeupe, na Mungu anisamehe, zilikuwa herufi nzuri. Nikauchomeka makaburini juu ya tuta la udongo ambalo chini yake hakuna kitu. Nilirudi nyumbani vidole vyeupe, nikakuta mlango umefungwa, jirani akaniambia mama yako amepelekwa maternité. Nilikukuta umeshazaliwa. Umefumba macho, ngumi ya kushoto iko mdomoni. Muuguzi akauliza jina. Nikataja lile nililotoka kuliandika.

Siku moja, jina moja, asubuhi kaburini na jioni kitandani. Koko yako alipoambiwa hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza tu nani kaandika msalaba, nikasema mimi. Nani kataja jina, nikasema mimi. Akasema, "Umefunga mulango, na mutu angali inje." Tangu siku ile akakuita Mopaya, yaani mgeni. Na sahani akaendelea kuiweka.

Nyumba yetu iko juu ya bwawa, pale mto Tshopo unapotulia kabla ya kuanguka. Umeme ukikatika unajua mtaa unavyokuwa. Mashine za kusaga zinazima, redio zinazima, unamsikia hata kuku akikwaruza uani. Ulikuwa na miaka mitatu. Umeme ulikuwa umekatika mchana, nami nikakuita kwa jina uje kula. Ukaitika kutoka nyuma ya nyumba, "Niko!" Na ng'ambo ya mto, msituni, baada ya muda wa kumeza mate, mtu akaitika, "Nikooo," na mkia mrefu ule ule aliouvuta mdogo wangu tangu utotoni, ambao mama yetu alimgombeza kwa ajili yake kila siku.

Mama yako alisema ni mwangwi. Nikamwambia hata mimi najua mwangwi. Nikamwita yeye kwa sauti ile ile, akaitika kwa ukaidi hapo hapo mbele yangu, na ng'ambo hakukuwa na kitu. Nikaita jina la jirani, jirani akaitika, ng'ambo kimya. Nikaita lako tena. Walioitika walikuwa wawili. Koko yako alikuwa amekaa mlangoni anatwanga, akasimamisha mchi hewani, hakunitazama.

Sikukuita tena. Nilijiambia kwamba nikinyamaza, ataitika mmoja tu, au hataitika yeyote, na wewe utabaki salama. Ukawa mama, ukawa petite, ukawa wewe pale.

Halafu ukaanza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Ukaanza kuketi kwenye sahani ya koko, ile iliyofunikwa, ukala samaki wa mtu mwingine huku yeye akikutazama. Hapa ndipo penye aibu yangu, nami naisema. Mwanzo nilitaka arudi, ndiyo maana nilikupa jina lake. Nilipodhani amerudi, nikataka aondoke. Na katikati yetu alikuwepo mtoto aliyetaka tu kula. Nikakufunga mkono ule kwa kitambaa muhula mzima uandike kwa kulia. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba mama yako alikuwa akikifungua kila nilipotoka na kukifunga kila aliposikia viatu vyangu. Kama unaandika vizuri leo, mshukuru yeye. Mimi fundi wa herufi nilitaka kukuharibia mkono bora kuliko wa kila mtu katika nyumba hii.

Ulikuwa na miaka sita siku tulipokwenda kulima majani makaburini. Ulikuwa umejua kusoma wiki hiyo hiyo, na ulisoma kila kitu, mpaka mifuko ya sukari. Nilikuwa nimeinama na panga. Nikakusikia nyuma yangu unaunganisha herufi, moja moja, kwa sauti ya darasani, na nilijua unaelekea wapi kabla hujafika. Ukafika. Ukauliza, "Papa, huyu iko mimi?"

Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe si zito. Lakini miaka sita nilikuwa nikijiuliza swali hilo hilo, na mtoto alipoliuliza kwa sauti niliendelea kukata majani. Na wewe, kwa kuwa mkubwa hakukataa, ukafanya kama mtoto anavyofanya na kitu alichoambiwa ni chake. Ukajilaza juu ya tuta, ukanyoosha miguu, ukaweka mikono ubavuni, ukafumba macho. "Naenea," ukasema, kama mtu anayejaribu nguo ikamkaa sawa. Upepo hakuna, ndege hakuna. Nilikunyanyua kwa nguvu mpaka ukalia, nikakupangusa udongo mgongoni, na udongo ule niliendelea kuupangusa hata ulipokuwa umekwisha kutoka. Nyumbani sikusema. Usiku kucha nilikuwa nakuja kusikiliza pumzi zako.

Mficha maradhi kilio humfichua. Kilio chenyewe kilikuja koko yako alipokuwa anakwenda. Ulikuwa na miaka kumi na moja, umekaa chini karibu na kitanda chake unampepea. Mchana ule alifumbua macho akaita jina lako, jina kamili, kwa mara ya kwanza maishani mwako. Ulirukia kitanda kwa furaha, ukasema, "Niko, koko!" Akakutazama vizuri, akakushika shavu. "Haiko weye, mwana," akasema. "Nilikuwa naita mwenye jina." Akageukia ukutani, na jioni akafa.

Ulilia siku tatu, na haikuwa kwa ajili ya msiba. Ulidhani amekukana. Mimi pia nilidhani hivyo, na sikukufariji, kwa sababu neno la kukufariji lingeanza na msalaba. Sasa nitakuambia nilichokiona wiki mbili zilizopita, na nane ya Waturuki kichwani. Koko yako ndiye mtu pekee katika nyumba hii ambaye hakukuchanganya. Wewe alikuita mgeni, maana ulikuwa mgeni: mtu mpya, aliyekuja kwa njia yake, asiyeletwa na mto. Alikuachia samaki wa mwanawe, wala hakukuita kwa jina la mwanawe. Alipokuambia haiko weye, alikuwa anakutoa kaburini ambamo mimi nilikulaza. Alikushika shavu, kumbuka. Mtu anayekukana hakushiki shavu.

Natamani ningekuwa na akili hiyo siku ile. Ningekuokota pale sakafuni.

Jana mchana nilikwenda makaburini. Nilibeba msasa na kisu, nikitaka kukwangua jina kwenye ule msalaba. Nikakuta umeanguka, kifudifudi, mizizi ya majani imeushika. Nilipouinua, ubao ulikuwa mweusi, hauna hata alama. Rangi yote ilikuwa imebaki chini. Udongo ulikuwa umelichapa jina, jeupe, herufi zote, kinyumenyume. Kazi yangu imenizoesha kusoma hivyo, nyuma ya vioo vya maduka, kwa hiyo nililisoma bila shida, nalo lilikuwa linanisoma. Sikulikanyaga. Nililifuta kwa kiganja, taratibu, mpaka ukabaki udongo.

Nikaubeba ule msalaba begani kupita mjini. Watu waliniambia pole, wakidhani nimefiwa. Nikasema asante, nikaona ni sahihi. Sikuwahi kupewa pole ya mdogo wangu, kwa sababu asiyezikwa haliliwi, na siku nilipochomeka msalaba mambo yote yaliingiliana na pongezi za mtoto.

Nilipofika mtoni umeme ulikuwa umekatika tangu saa sita. Mtaa kimya, maji kimya. Nikauweka ubao juu ya maji, ukazunguka kidogo kama mtu anayetafuta njia, ukaelekea bwawani. Nikamwita. Nikamwita kwa jina, ambalo ulimi wangu haukuligusa miaka kumi na saba. Nikamwambia sikuwa na homa. Nikamwambia nilikuwa juu ya ngazi nangoja sifa, na kwamba ningeshuka. Nikamwambia mama amekwisha kufa akimngoja, mlango nimeufungua tena, apite atakapo, ila asipitie kwa mtoto wangu. Kisha nikamwita mara ya pili, kwa nguvu zote, nikatega sikio ng'ambo.

Hakuna. Nilingoja muda wa kumeza mate. Nilingoja zaidi. Msitu ulikuwa umesimama wima, hata jani moja halikutikisika, na nilihisi kwamba huko hakuna mtu anayenyamaza. Hakuna mtu, basi. Nikaogopa kimya kile kuliko nilivyowahi kuogopa ile sauti. Na hapo, nyuma yangu, kutoka nyumbani kwetu, sauti moja ikasema, "Papa, umeniita?"

Nikageuka, na alikuwa msichana mwenye unga mikononi. Nikasema hapana, kwa sababu ni kweli nilikuwa namwita mdogo wangu. Lakini aliyeitika ulikuwa wewe, na ulikuja mbio. Miaka yote hiyo ya kukuita petite, na bado ulikuja mbio mara ya kwanza uliposikia jina lako kinywani mwangu tangu ulipokuwa na miaka mitatu. Nimelala nalo, nimeamka nalo.

Huko uendako utakutana na maneno mengi yanayofanana na yetu, nawe utayakimbilia kama ndugu, halafu mengine yatakuangusha. Hilo utalizoea. Mimi nimeogopa tu jambo moja: kwamba utaondoka ukidhani papa yako hakuwa na jina la kukupa. Nilikuwa nalo. Nilikupa lililokuwa na mtu ndani, na nikachukua miaka ishirini kuona kwamba humo ndani ulikuwa wewe peke yako tangu siku ya kwanza. Nisamehe kwa mkono. Nisamehe kwa tuta. Nisamehe kwa jana.

Leo asubuhi mlipokwenda sokoni nimeitoa ile brashi kwenye msumari. Nimeilowesha kwenye mafuta mpaka ikalainika, nikaiandika valise yako, upande wa mbele, herufi kubwa nyeupe. Herufi ya kwanza imepinda kidogo, utaona, zilizobaki zimenyooka. Brashi yenyewe nimekufungia kwenye kitambaa, iko mfuko wa nje. Ni ya mtu wa mkono wa kushoto, mimi haikunifaa kamwe.

Rangi bado mbichi, ishike kwa mpini. Na sikuombi urudi kabla haijakauka, mwanangu. Mtu aliwahi kuniahidi hivyo. Iache ikauke, ichubuke, ififie kabisa, wewe ukae huko muda wako.

Mama yako amerudi, nasikia mnacheka uani. Umeme umekatika tena, na mtaa umetulia kiasi kwamba naisikia hata kalamu hii. Nikimaliza mstari huu nitasimama mlangoni nikuite uje uchukue valise yako. Nitaita kwa nguvu, na ng'ambo wanaweza kusikiliza wakitaka. Mara hii ukiniuliza kama nimekuita, nitasema ndiyo, Lokinda.

Papa yako